Injini ya Baba Iliyokuwa Makongeni

Baba Dogo, Nairobi
Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Webuye mnaendeleaje? Goti lako limepunguza kuuma? Mimi ni mzima, mikono tu ndiyo imejaa michubuko. Haya sikutaka kuyasema kwa simu, maana wewe huongea umeweka sauti ya nje, na majirani wangeyasikia kabla wewe mwenyewe hujayaelewa.

Ni kuhusu pikapu ya Baba. Ulipokubali niilete huku gereji niifufue, nilidhani nitakuta injini imekufa kwa kukosa oili, kama Anko Barasa alivyotuambia. Nilipoisugua grisi na kutu, nikaona imeshikizwa kwa vipande vya chuma vya kuchomelea, kama kiatu cha kuazima kilichofungwa kwa kamba. Nikatafuta nambari iliyogongwa ubavuni, nikailinganisha na ile ya kwenye logibuku, ile hati ya gari uliyonitumia. Hazifanani hata kidogo. Mama, ile haikuwa injini ya Baba. Ilikuwa ya gari lingine dogo, imechoka kabla hata ya kufungwa pale.

Unakumbuka Anko alivyoichukua pikapu kuileta Nairobi kufanyiwa sevisi? Iliporudi haikumaliza miezi miwili. Kisha Anko, mdogo wake Baba wa damu, akasimama mbele ya ukoo akasema Baba ameiua mwenyewe kwa uzembe. Tangu siku hiyo Baba alisukuma mitungi ya maziwa kwa baiskeli, mpaka kifua kikamlaza na tukamzika.

Mwezi uliopita, Jumamosi, nikaenda Makongeni kumsalimia Anko. Pikapu yake, sawa kabisa na yetu, ilikuwa imeegeshwa nje, inang'aa.

"Anko, nikuangalizie maji na oili?"

"Angalia tu, mtoto wangu. Hii kitu haijawahi kunisumbua."

Nikafungua boneti, nikapangusa injini kwa kitambaa. Nambari ya Baba ilikuwa pale, tarakimu zote. Nikamwonyesha logibuku. Kicheko kikamkauka.

"Nekesa, hiyo ni chuma tu. Baba yako alishaenda. Wachana na hiyo stori."

"Chuma chenyewe utakitoa leo. Ama twende polisi na hii logibuku."

"Unataka kuniaibisha, na mimi ni mzee wa kanisa?"

"Ndiyo," nikamwambia.

Nikampigia Fundi Musa tunayefanya naye kazi, akaja na winchi. Tuliing'oa mchana kweupe, majirani wamejipanga wanatazama, Anko ameshika mfuko wangu wa spana kama nilivyomwamuru. Sikumwonea huruma, Mama. Nilifurahi, na bado nafurahi.

Nimeifungua yote. Silinda zilikuwa zimelika, nikazipeleka kuchongwa. Nikaweka pistoni na ringi mpya, gasketi mpya, kila kitu kwa mikono yangu. Jana nikawasha. Ilikohoa mara mbili, ikashika. Musa akapiga makofi. Mimi nilikaa chini kando ya tairi nikalia, kwa sababu nilikumbuka nilivyomwambia Baba, "Kwani kuangalia oili tu ilikuwa kazi?" Na wewe ulimwambia. Sote tulimwambia.

Msalimie Kukhu, mwambie mjukuu wake bado anakula vizuri. Msalimie kaka Simiyu na mkewe, na senje, shangazi yetu anayekuletea kuni.

Jumapili nakuja na pikapu, na Anko atakaa kando yangu njia nzima. Atasimama kaburini kwa Baba, mbele ya ukoo ule ule, aseme alichofanya. Aliniomba akwambie wewe peke yako, ndani ya nyumba. Nilikataa. Waite wote.

Najua moyo wako, akifika utataka kumkaribisha kama mgeni. Chai mpe, safari ni ndefu. Lakini kuku usimchinjie.

Ni mimi binti yako,
Nekesa