"Tunakusubiri kwa Hamu"

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka, maana nimebeba habari njema ambayo siruhusiwi kuitoa mdomoni, na mdogo wangu yuko mbioni kuitupa bila kujua kwamba anaitupa.

Mimi nakaa mapokezi kwenye kliniki ndogo ya tiba ya usemi, tunahudumia watoto waliochelewa kuongea, wazee waliopooza wakapoteza maneno, na watu wazima wenye kigugumizi, na bosi wetu ni mama mpole wa sura lakini kwenye siri za wateja hana masihara, skrini yangu ameigeuzia ukutani, mafaili yanalala kabatini na ufunguo unalala naye, mtu akipiga simu kuuliza kama fulani anatibiwa kwetu jibu ni kwamba hatuzungumzii wateja, awe mke, awe mama mzazi, na siku yangu ya kwanza aliniambia, "Hapa hata salamu ni siri. Ukimkuta mteja sokoni, subiri yeye akusalimie. Asipokusalimia, hamjuani." Hata kwenye ujumbe wa kukumbusha miadi hatutaji kliniki wala tiba, kwa sababu simu ya mtu huonwa na macho mengi, tunaandika saa tu basi, na mimi nilipouona mkavu kama unatoka polisi nikauongezea maneno ya adabu kutoka kichwani mwangu, ukawa hivi: "Usisahau kesho saa kumi. Tunakusubiri kwa hamu."

Sasa mdogo wangu ni fundi cherehani, anashona kwenye karakana moja yenye kelele, na nyumbani tunamwita Kokoto kwa sababu alizaliwa kadogo na kagumu, jina hilo halitoki nje ya familia, ila alimpa ruhusa ya kulitumia mwanaume mmoja tu, fundi anayekuja kutengeneza mashine zao, ambaye mimi nilikuwa sijawahi hata kuona picha yake. Kokoto anamwita Bwana Kimya. Huyo bwana akikuandikia ujumbe unatamani kuutia fremu, lakini ukimpigia hapokei, anakata halafu anaandika "niko kazini, nitakuandikia", na mkiwa pamoja anacheka, anatikisa kichwa, anasema maneno mawili, anatulia. Mwanzoni Kokoto alipenda, akasema wanaume wa maneno mengi ameshawachoka. Baadaye akaanza kujiuliza ni mwanaume gani asiyepokea simu, na mama akamjibu bila kuulizwa kwamba ni mwanaume mwenye mke.

Juzi karudi nyumbani, katupa mkoba kwenye kiti, kasema walikuwa wamekaa pamoja, simu ya bwana ikawaka mezani, naye akausoma ujumbe kabla haujazimika. "Ana mwingine. Tena ana jeuri, anajiita sisi. Eti usisahau kesho saa kumi, tunakusubiri kwa hamu."

Mshauri, nilikuwa nakunywa maji na yakanipanda puani. Mama akanipiga mgongoni akidhani nimepaliwa. Hayo ni maneno yangu, niliyatuma mwenyewe kwa vidole vyangu hivi, yaani mwanamke mwingine ni mimi.

Nikajituliza kwamba ujumbe ule huwaendea wengi. Kesho yake saa kumi akaingia mteja mmoja mtaratibu, vidole vina grisi kwenye kucha, siku zote huwa ananiinamishia kichwa tu na kukaa. Mlango wa chumba cha tiba umevimba kwa mvua, haufungi mpaka uusukume kwa bega, na siku hiyo hakuna aliyeusukuma, nikamsikia mtaalamu akimwambia, "Taratibu, usilikimbie, anza na pumzi," halafu nikamsikia yeye, ko, ko, ko, kimya, ko, mpaka likatoka zima, "Kokoto, nataka nikuoe," na akarudia, na akarudia tena, na mimi huku nje nimeuma kalamu mpaka imepasuka.

Na Jumapili hii Kokoto anakwenda kumwacha. Maneno ameshayapanga, anayafanyia mazoezi mbele ya kioo chumbani kwetu, yaani kule mmoja anafanya mazoezi ya kuoa na huku mwenzake anafanya mazoezi ya kuacha, na mimi katikati nasikia yote mawili. Najua nilitia sahihi ya kutunza siri, lakini hii si siri mbaya, ni siri ya furaha, na huyu ni damu yangu. Nikiona kusema yote ni vibaya, je, siwezi kumwambia tu "mpe muda wa kujibu"? Au nimnong'oneze shemeji mtarajiwa aharakishe? Nimekuandikia hapa chini jina lake na la kliniki ili ujue siongopi. Nijibu haraka, nakuomba.

Ni mimi, Nitapasuka.

*

Nitapasuka, hongera na pole, kwa mpangilio huo. Nimecheka kwenye maji ya puani, nikaacha kucheka nilipofika mwisho wa barua.

Unaniuliza kama unaweza kuitoa siri ya mteja wako, na katika barua hiyohiyo umeshampa jina lake mtu usiyemjua anayefanya kazi gazetini. Nimelifuta kwa wino mzito na la kliniki pia, hata mhariri wangu hajayaona. Lakini tazama ulivyoteleza kirahisi. Hukuwa na nia mbaya. Ulikuwa na furaha tu, na furaha ndiyo inayofungua midomo kuliko chuki.

Jibu langu ni hapana. Usimwambie Kokoto.

Unaita siri ya furaha. Furaha hiyo ni yako. Mteja wako amemficha kigugumizi mwanamke anayempenda, amekata simu zake akijua zinavyomuumiza, amekubali aonekane mwenye kiburi kuliko asikike anakwama. Kwake huo ni mzigo mzito kuliko yote aliyonayo, na duniani amepata mlango mmoja wa kuutua, wenye wewe mapokezi. Ukimtangulia kwa Kokoto, utakuwa umemnyang'anya sentensi aliyoitolea jasho saa kumi baada ya saa kumi. Na akijua imevuja, harudi. Na mama wa mtoto anayekaa benchi moja naye akisikia, naye harudi.

Sasa hilo la "mpe muda wa kujibu". Hapo ndipo nilipokukasirikia. Siri hazitoki kwa mtu kusimama na kutangaza, hutoka kwenye ka-nyongeza kadogo kama hako. Kokoto si mjinga. Ukimwambia ampe muda, atauliza muda wa nini, wewe utatazama dari, na kazi imekwisha. Kumnong'oneza bwana aharakishe ni kosa lilelile upande wa pili, maana mazoezi ya kioo nayo ni siri, ni ya mdogo wako, alikuaminia chumbani. Umebeba mbili. Usiibadilishe moja kwa nyingine.

Na hayo maneno ya "kwa hamu". Bosi wako aliupima ujumbe ule ukawa mkavu makusudi. Ukavu huo ulikuwa unamlinda mteja. Wewe ukautia sukari, na mtu mwingine akasoma mapenzi. Ukiwa kwenye kazi ya siri za watu, hata adabu inaomba ruhusa.

Fanya hivi. Kesho, kabla hujawasha kompyuta, ingia kwa bosi na umwambie kwamba mteja mmoja anahusiana na familia yako. Usieleze zaidi ya hapo kuhusu nyumbani. Omba miadi yake na faili lake vishikwe na mwenzako, na wewe usiviguse tena. Mwambie mlango hausitiri, seremala aje aukwangue, na mpaka aje, mtu ausukume kwa bega kila anapoingia mteja, bila kusahau. Mwambie ulichokiongeza kwenye ujumbe. Atafoka. Mwache afoke, kisha mpendekezee kwamba kila mteja, si huyu peke yake, aulizwe angependa kukumbushwa vipi, kwa maneno gani, au asikumbushwe kabisa. Wengi wanaishi na watu wanaosoma simu zao.

Kwa Kokoto una sentensi moja: "Kabla hujamwacha, muulize." Weka nukta hapo. Hiyo angeisema dada yeyote, hata anayeuza misumari, kwa hiyo haina siri ya mtu ndani yake. Akikuuliza kwa nini, mwambie huna la zaidi, kisha uoshe vyombo.

Na nisikudanganye. Inawezekana akauliza, asipate jibu, akamwacha. Utakuwa unajua, utakuwa unalia, na bado utakuwa umenyamaza. Ndiyo kazi uliyoitilia sahihi.

*

Hayo nilimsomea Nitapasuka kwa simu siku ileile barua yake iliponifikia, na barua nikaifungia kwenye droo, kwa kuwa ruhusa ya kuichapisha haikuwa yake peke yake. Leo inatoka kwa ruhusa ya wote watatu. Kokoto silo jina lenyewe. Tumetafuta jingine linalokwama ulimini vilevile.

Bosi alifoka kweli. Seremala alikuja.

Jumapili, wakiwa mezani na chai, Kokoto aliuliza. Alisema, "Nani anakusubiri kwa hamu?" Bwana akafungua mdomo, taya likakaza, hakikutoka kitu. Kokoto akaona mtu anayetafuta uongo, akachukua mkoba. Bwana akaivuta simu aandike kama kawaida yake, Kokoto akamwambia, "Leo sisomi." Hakuna aliyemfundisha neno hilo. Basi bwana akailaza simu kifudifudi, akavuta pumzi, akaanza. Alianza na jina. Chai ilipoa. Mdogo mtu anasema mpaka siku ile alidhani jina lake lina silabi tatu. Akaurudisha mkoba kitini, akakaa, akamngoja mpaka mwisho wa sentensi, na jibu lake halikuchukua muda wowote.

Bwana akamweleza mwenyewe kwamba anakwenda kwa mtaalamu wa usemi, hakusema wapi. Kokoto akarudi nyumbani mbio kumkabili dada yake.

"Ni kwenu?"

"Sizungumzii wateja."

"Mimi ni mdogo wako."

"Najua."

Kokoto akanuna siku mbili. Nitapasuka akanipigia, akauliza afanyeje siku bwana atakapokuja nyumbani kujitambulisha, ajifanye hamjui mpaka lini. Nikamkumbusha ile habari ya sokoni ambayo bosi wake alimpa siku ya kwanza: asubiri kusalimiwa.

Bwana akaja, na shangazi yake, viatu vimeng'arishwa. Nitapasuka akawapitishia wote glasi za maji, macho kwenye sinia, akamwamkia shangazi, akampa mgeni karibu ya kumpa mtu yeyote, akasogea kando. Mama, ambaye kwa siku chache alikuwa ameacha kutaja habari za wanaume wenye wake, akamshika bintiye mkono akamleta mbele. "Baba, huyu ndiye mkubwa wao. Ndiye atakuwa shemeji yako."

Mgeni akamtazama. Akavuta pumzi kama alivyofundishwa, akachukua nafasi yake, na sebule nzima hakuna aliyemmalizia neno.

"Mama, sisi tu-tu-tunajuana," akasema. "Huyu ndiye anayenisubiri kwa hamu."

Safari hii maji yalimpanda puani Kokoto.