Beki Ninayemzomea Amekuja Kumposa Binti Yangu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijaharibu zaidi.

Mimi ni kinyozi, umri wangu miaka hamsini na minane, nina mke mmoja, binti mmoja na timu moja, na timu ndiyo niliyoanza nayo, maana marehemu baba alinibeba mabegani kwenda uwanjani kabla sijajua kufunga vifungo vya shati, na tangu siku hiyo sijaihama, hata ile miaka minne tuliyokaa daraja la chini tukicheza kwenye viwanja ambavyo mbuzi hufukuzwa kwanza ndipo mpira uanze. Msimu huu tumefungwa michezo kumi na saba, tumebadilisha makocha watatu, na wateja wangu wamenigeuza kichekesho. Juzi mmoja, shabiki wa wale wapinzani wetu, alikaa kitini akaniambia nimnyoe taratibu kwa sababu mkono wa mtu mwenye huzuni hauaminiki.

Uwanjani mimi hukaa jukwaa la upande wa jua, safu ya tatu, karibu kabisa na mstari, na kwa kuwa Mungu amenijalia sauti wenzangu wananiita Spika. Mwaka huu sauti hiyo yote nimemwelekezea beki wetu wa kushoto, kijana mwenye mbio na pumzi, lakini kila tukifungwa, ukifuatilia mpira ulikopita utakuta nyayo zake. Nimemwambia kwamba anakaba kama mtu anayewapungia mkono wageni, nimemwambia aombe kazi ya kufungua geti kwa kuwa anaijua vizuri, na siku aliyosababisha penalti dakika ya themanini na tisa nilipanda juu ya benchi nikamwambia mambo ambayo siwezi kuyaandika kwenye gazeti linalosomwa na watoto. Aligeuka akanitazama usoni. Nilifurahi, mshauri, kwamba amesikia.

Sasa binti yangu ni muuguzi, yuko chumba cha majeruhi, na mwezi uliopita akatuambia Jumapili ataleta mgeni. Mama yake akaelewa mara moja, mimi nikajifanya sijaelewa, lakini nilitundika pazia jipya sebuleni na nikajinyoa ndevu mara mbili. Mlango ulipogongwa nikaita kutoka ndani, "Karibuni, ingieni tu, uko wazi," nikasikia sauti ya kiume huko nje ikimwambia binti yangu polepole, "Hiyo sauti naijua."

Bila jezi sikumtambua hapo hapo, nilimtambua kwa kovu lililo juu ya nyusi, alipata jeraha hilo kwenye mchezo wa tatu wa msimu, na baadaye nikaja kujua kwamba aliyelishona ni binti yangu mwenyewe na ndivyo walivyofahamiana. Akanisalimia, "Shikamoo baba," nikaitikia marahaba.

Tulikula vizuri. Kijana ana adabu, haongei mdomo ukiwa na chakula, alimsifu mke wangu bila kuzidisha, na alipomaliza akainuka na sahani yake mwenyewe akaipeleka jikoni. Aliporudi akakaa wima, akasema, "Baba, leo nimekuja kujitambulisha. Ukiniruhusu, wazee wangu watakuja kuzungumza nanyi."

Mimi hapo, mshauri, ulimi hauna mfupa, nikajibu, "Michezo minne imebaki. Timu ikibaki ligi kuu, waje. Ikishuka, usilete mtu."

Mke wangu akaweka kijiko chini. Kijana akafikiri kidogo, akasema, "Baba, siwezi kukuahidi mambo ya watu kumi na mmoja. Naweza kukuahidi yangu mwenyewe tu." Binti yangu hakupaza sauti, alisema tu, "Baba, mimi siyo pointi tatu," akachukua mkoba wake wakaondoka, na tangu siku hiyo anaishi kwa shangazi yake, yaani dada yangu, ambaye naye ameacha kupokea simu zangu. Mke wangu ananiwekea chakula mezani kisha anakwenda kukaa kibarazani. Neno aliloniambia ni moja, kwamba hajawahi kuona mwanaume mzima anaozesha mtoto kwa msimamo wa ligi.

Tangu hapo tumecheza mara tatu, tukashinda mmoja, tukatoka sare mmoja, na Jumamosi iliyopita tukafungwa, na goli lilipita kwake. Jukwaa zima likasimama kumzomea, nami nikasimama kwa mazoea, nikafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Nilimwona amesimama mikono kiunoni anatazama majani, nikakumbuka alivyoibeba ile sahani. Jamaa wa nyuma yangu akaanza kumtukana mama yake, nikamgeukia nikamwambia, "Mwache mtoto wa watu." Akanishangaa kweli kweli. "Spika," akasema, "si wewe uliyetufundisha?"

Nikakaa chini. Sikuona tena mchezo ulivyoendelea.

Sasa Jumamosi hii ndiyo mchezo wa mwisho, tukishinda tunabaki, sare au kufungwa tunashuka, na mimi sijui niombe nini. Tukishuka, nimetoa neno mbele ya watu na mwanaume ni neno lake, tukishinda, binti yangu atajua maisha yake yote kwamba aliolewa kwa sababu mpira uliingia wavuni, na kitu ambacho sijamwambia hata mke wangu ni kwamba kijana nimempenda. Sipendi anavyokaba, lakini yeye nimempenda. Nifanye nini?

Mimi kinyozi, jukwaa la upande wa jua.

MSHAURI ANAJIBU

Kinyozi, gazeti letu hutoka Jumapili na mchezo wako ulikuwa Jumamosi, kwa hiyo sikungoja mtambo wa kuchapa. Nilikupigia simu Alhamisi. Hapa narudia niliyokuambia, kwa sababu akina baba wa namna yako mko wengi na hamwandiki barua.

Pole, na sisemi kwa dhihaka. Mtu anayependa kitu nusu karne na kitu hicho kikamuumiza kila wiki, na wiki inayofuata akafunga duka akakifuata tena, huyo ana moyo ambao wengi tumeukosa. Mkeo anaujua moyo huo, ndiyo maana bado chakula kinafika mezani. Lakini ulichokifanya Jumapili ile hakikutoka kwenye mapenzi ya timu. Ulikuwa na aibu. Uliyemtukana kutoka jukwaani aliingia sebuleni kwako na adabu kukuzidi, ukatafuta pa kujificha, ukajificha nyuma ya ligi. Baba mkwe wako naye angesema usubiri timu yako ichukue kombe ndipo akupe mke, leo ungekuwa kapera mwenye mvi.

Unasema mwanaume ni neno lake. Sawa. Neno lako la kwanza kwa binti huyu ulilitoa siku alipozaliwa, na halikuwa na masharti ya magoli. Lishike hilo. Lile la mezani ulilitoa mbele ya watu, basi lirudishe mbele ya watu.

Nilikutaka uende kwa dada yako Ijumaa, kabla ya mchezo, siyo baada. Ukienda umeshinda, binti ataona umetumwa na matokeo. Ukienda umeshindwa, ataona umekuja kuliwazwa. Nilikuambia usimtume mkeo na usibebe zawadi. Mwambie binti kwanza, "Nilikosea," na hapo hapo uweke nukta, kwa sababu ukitia "lakini" umeshaharibu. Kisha mwombe kijana radhi kwa yale ya uwanjani, uyataje, usiseme "kama nilikukwaza," maana ulimkwaza ukiwa umesimama juu ya benchi. Na usimpe somo la kukaba.

Ulisikiliza mpaka mwisho. Halafu ukaniuliza kama ni lazima dada yako awepo. Nikakuambia ni lazima.

Jumamosi jioni simu yangu ikaita, na kwa sauti ile sikuhitaji kuuliza ni nani. Ukanisimulia. Kwamba Ijumaa dada yako alikuacha mlangoni umesimama mpaka jirani akakuletea kiti. Kwamba binti yako alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi, ukasema neno lako, naye akaendelea na mkono wa gauni mpaka akaumaliza, ndipo akasema, "Nimekusikia baba. Ingia ukae." Kwamba kijana aliitwa, akaja na mfuko wa mazoezi begani, na ulipomaliza kuyataja yote akasema, "Yameisha, baba. Ila ile ya geti niliicheka hata mimi, nilipofika nyumbani."

Na kwamba timu imeshuka. Sare ya goli moja kwa moja. Ulinisisitizia mara mbili kwamba goli tulilofungwa lilipitia upande wa kulia, siyo kwake. Ulilia, na hukunificha, na binti yako alikuwa pembeni yako pale juani, ametoka zamu moja kwa moja na viatu vyake vya kazi, amekushika mkono.

Basi sikiliza yaliyobaki, ni machache. Uwanjani una haki ya kuguna, kukunja uso na kumlaumu kocha. Mpira ukichezwa vibaya, useme. Mama wa mtu mwache nyumbani kwake, na yule jamaa wa nyuma yako ni kazi yako kumfundisha upya, kwa kuwa la kwanza alijifunza kwako.

Nyumbani, mkeo bado anakaa kibarazani. Usimwite ndani. Chukua sahani yako umfuate huko.

Wazee wa kijana wanakuja Jumapili ijayo. Wapokee mlangoni, waulize safari, waulize mashamba, waulize afya, na mpira wautaje wao kwanza. Kisha kabla hawajaondoka mkubaliane tarehe ya harusi, msiahirishe, maana ratiba ya daraja la chini bado haijatoka, na ikishatoka nakufahamu, utaanza kuhesabu ni Jumamosi zipi mnacheza nyumbani.