Palizi Juu ya Reli

Justina weee, acha chochote unachofanya!

Shangazi Cornelia kanipigia sasa hivi kutoka Marekani, hata shikamoo yangu hajaitikia. Mwanawe Gabriel alimpeleka kutembea kwenye bustani iliyojengwa juu ya reli ya zamani, iko juu kama daraja.

Sisi Sumbawanga hatujawahi kusikia hata honi ya treni, wenzetu reli wameiotesha majani! Na watu wanayapiga picha. MAJANI!

Shangazi si unamjua? Kaweka mkoba chini, kainama, kaanza kung'oa. Mkulima wa kijijini Kaengesa ayapite magugu hivihivi?

Mlinzi akaja mbio, eti yamepandwa na wataalamu. Wataalamu wa magugu, Justina!

Akamuuliza Gabriel kwa Kiingereza kama huyu mama ni wake.

Gabriel akasema hamjui.

HAMJUI! Mtu aliyesomeshwa kwa jembe la mama huyohuyo! Alidhani haelewi. Kasahau kuwa mama yake kawapikia masista wa Kizungu miaka ishirini.

Shangazi akamkabidhi mlinzi majani yake, akamwambia kwa Kiingereza hichohicho: "Hata mimi simjui. Niliyemzaa mimi alikuwa anajua kupalilia."