Mama, Hii Si Kama Hina

Makole, Dodoma
Jumapili mchana

Kwa mama yangu mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo mama. Kabla sijauliza habari za nyumbani, usishtuke kuona mwandiko huu. Si wangu. Anayeandika ni Neema, yule msichana wa Chamwino ninayefanya naye kazi saluni na tuliyepanga naye chumba kimoja. Mimi nimekaa kitandani nasema, yeye anaandika. Sijapata ajali, sijavunjika mkono, niko hai na akili zangu timamu. Sababu nitakueleza, ila nivumilie nianze na salamu kama ulivyonilea.

Hujambo mama? Presha imeshuka? Mgongo je? Alizeti mmeshamaliza kupiga, au bado imerundikwa uani inasubiri watu wa msaragambo waje kusaidia? Na Hadija, bibi harusi wetu, ametulia au bado anazurura kama harusi si yake? Huku upepo wa Dodoma ndio umeshika, vumbi linaingia mpaka kwenye kopo la chumvi. Sisi ni wazima, isipokuwa hilo ninalotaka kukwambia.

Ni vidole vyangu, mama.

Vilianza kuwasha baada ya Idi, kwenye ncha tu, kidole gumba cha kulia na cha shahada. Nikasema ni upepo, nikapaka mafuta ya mgando. Nikasema ni sabuni ya unga, nikamwachia Neema kufua nguo zangu, akaninunia siku mbili. Vikazidi. Ngozi ikawa ngumu, ikapasuka, ikaanza kutoa maji, na sasa kucha za mkono wa kulia zinaachia nyama. Ugali nakula kwa kijiko. Mlenda kwa kijiko, mama, hebu fikiria. Nikitawadha machozi yananitoka. Juzi nilikwenda kusajili laini ya simu, nikaweka kidole kwenye mashine, ikakataa. Nikaweka kingine, ikakataa. Dada wa pale akaniambia kwa upole, "Dada yangu, vidole vyako havisomeki." Niliogopa, sitakuficha.

Ijumaa nikaenda kwa daktari wa ngozi. Ni mama mtu mzima, mpole, lakini neno lake hasemi mara mbili. Alivigeuzageuza viganja vyangu, akauliza, "Unafanya kazi gani?"

Nikamwambia natengeneza kucha.

"Za jeli?"

"Ndiyo, hizo hasa."

"Rangi ikitoka nje ya kucha, ikimgusa mteja kwenye ngozi, unaifutaje?"

Niliinua kidole gumba nikakipitisha hewani, hivi, kama mtu anayelaza pindo la nguo. Wala sikufikiri. Akakitazama kile kidole, akasema, "Basi imeingilia hapo."

Akanieleza kwamba jeli ikishakaushwa vizuri na taa haina neno sana. Ubaya uko kwenye ile mbichi. Ukiigusa leo huoni kitu, kesho huoni kitu, lakini mwili unaihesabu kimyakimya. Siku mwili ukiikataa, umeikataa, na hata tone dogo linatosha kukurudisha kwenye vidonda. "Vidonda vitapona," alisema, "mzio hautoki." Tena ndugu za dawa hiyo wamo hata kwenye vitu vya kuzibia meno, kwa hiyo kila nitakapokaa kwenye kiti cha daktari wa meno, mpaka nazeeka, itabidi nimwambie kwanza. Mimi nilikuwa naitikia tu, ndiyo daktari, ndiyo daktari. Mikono hii ndiyo jembe langu. Bosi amenipa wiki mbili, anasema nikirudi nitapokea wateja mlangoni. Baada ya hapo sijui, na naogopa hata kuwaza.

Lakini sikuandikisha barua hii kwa ajili ya vidole vyangu. Kilichonitisha pale kwa daktari ni kwamba nilikikumbuka kidole gumba chako.

Tangu nipate akili nakuona ukipaka maharusi hina. Unachora, na ikitoka nje ya mstari unaifuta kwa gumba, mara moja tu, mstari unanyooka. Kidole chako hicho sijawahi kukiona kikiwa hakina rangi. Nilipoanza kazi saluni, wenzangu walikuwa wanahangaika na vijiti na pamba, mimi nikatumia gumba. Wakanisifu kwamba nina mkono mwepesi. Nikajivuna, nikawaambia mkono huu ni wa mama yangu.

Halafu mwezi uliopita nikakutumia lile boksi la jeli, chupa nane na taa yake, ili Hadija apendeze na wewe upate kazi mpya juu ya ile ya hina. Ukanipigia ukauliza, "Zai, hii inapakwaje?" Nilikuwa natafuna muhogo, mama, hata muhogo wenyewe sikuumeza kwanza. Nikakujibu, "Ni kama hina tu. Unapaka, unafuta pembeni, unakausha."

Ni kama hina tu. Maneno hayo yananirudia tangu Ijumaa. Hina tunaitaka iingie kwenye ngozi, ndiyo kazi yake. Hii haitakiwi iguse ngozi hata kidogo, wala ya anayepakwa wala ya anayepaka. Mimi ndiye fundi, mimi ndiye niliyepaswa kujua, na nimekufundisha kinyume.

Ukapaka. Ukanipigia tena kwa furaha, ukasema taa inazimikazimika kwenye sola yenu, lakini umewaanika Hadija na binti wa Mama Issa kwenye jua la saa saba, mikono juu ya ungo, ikakauka ikang'aa. Nilicheka, nikamsimulia Neema, naye akacheka. Hata sisi umeme ukikatika huwa tunamtoa mteja nje amalizie na jua la Mungu. Daktari nilipomweleza hilo hakucheka. Alisema jua linakausha juu, chini inabaki mbichi, imekaa pale kwenye kucha wiki nzima na mtu anaosha vyombo na kukanda unga nayo.

Na wiki iliyopita ulisema nini, mama? Ulisema, "Vidole vinaniwasha kidogo, labda ni hii alizeti." Ukalipitia juu juu, ukaingia kwenye habari za mchele wa harusi. Mimi nami nilisema ni upepo.

Jana nilikupigia nikiwa sijui nianzie wapi. Ukaweka sauti kubwa, nikamsikia shangazi Mwanahawa na wenzake wanacheka. Nikakwambia uziache hizo chupa. Ukasema, "Zai, mjini kumekufanya mwoga. Mimi nimepaka hina kabla hujazaliwa." Nikasema hii si hina. Ukasema, "Haya, nimesikia," kwa ile sauti yako ya kumnyamazisha mtoto, na nyuma yako Hadija anauliza, "Mama, nyekundu au ile ya waridi?" Simu ikakatika. Tangu hapo sijatulia, kila nikifumba macho naiona mikono ya mdogo wangu juu ya ule ungo.

Sasa nakuomba, na hapa nimemwambia Neema apige mstari: zifunge chupa zote leo, ziweke juu ya kabati watoto wasikofika, mpaka nije. Usimpe mtu, usizitupe jalalani, usizichome. Hadija na binti wa Mama Issa wasiibandue rangi kwa meno wala kwa kisu, wakibandua watatoa na kucha. Wakiona ngozi inawasha au inavimba waende zahanati wakaseme ni jeli ya kucha, wasiseme ni alizeti. Nitakuja Alhamisi ya wiki ijayo, siku mbili kabla ya harusi, na Neema atakuja nami. Yeye ndiye atakayeitoa rangi hiyo, mimi nitamwelekeza nikiwa mbali. Na Hadija mpake hina, mama. Ile yako ya majani ya nyumbani, usiichanganye na piko, ile rangi nyeusi ya nywele, nayo daktari aliitaja. Mpake hina tupu, kwa kijiti, kama vidole vyako bado vizima.

Neema mwenyewe tangu Ijumaa anavaa glavu za buluu, na ikimdondokea jeli anazivua palepale anavaa nyingine, maana daktari alisema haikawii kupenya. Anapaka nyembambanyembamba, anaacha nafasi kidogo kati ya rangi na nyama, ikitoka nje anaifuta kwa kijiti kabla mteja hajaingiza mkono kwenye taa. Umeme ukikatika anamwambia mteja asubiri au arudi kesho. Wateja wamenuna, mmoja amemuuliza, "Kwani unaniona nina ukoma?" Leo asubuhi nilimkuta amesimama mlangoni penye mwanga, anatazama ncha za vidole vyake kimoja kimoja. Hakujua kama namwona. Hapa amegoma kuandika, nimembembeleza ndipo akaandika.

Nisalimie baba, mwambie betri za redio nitamletea. Nisalimie babu yangu na mbuzi wake, na shangazi Mwanahawa, mwambie safari hii asicheke. Mdogo wangu Hadija mwambie dada yake anampenda na kwamba hina ndiyo iliyowaoza bibi na mama, haijamwaibisha mtu. Mama Issa naye msalimie, umwombe radhi kwa niaba yangu. Hapana, usimwambie kitu zaidi ya hilo la zahanati. Radhi nitamwomba mwenyewe nikiwa mbele yake.

Barua hii anakuletea mwalimu Salumu wa shule yetu, aliyekuja huku kufuatilia uhamisho wake. Wamemwambia arudi tena Jumatano, kwa hiyo atapita kwako kuchukua jibu kabla ya kuondoka. Usinipigie simu, mama. Kwenye simu utasema sijambo, nami sina namna ya kujua hali ya vidole vyako. Chukua kalamu uniandikie mistari miwili tu, kwa mkono wako, ule mwandiko wako unaolalia kushoto. Hata ukiandika salamu peke yake inatosha. Ila usimpe Hadija akuandikie. Nikifungua bahasha nikakuta mwandiko wa Hadija, sitakuwa na haja ya kuisoma.

Ni mimi mwanao, na jina hili nimeliandika mwenyewe, unisamehe limepinda,

Zaituni