Mwana Niliyemkabidhi Kocha

Jumatatu, 1 Desemba

Zamu ya asubuhi. Miguu imevimba. Nimeloweka maharage, nimefua sare, nimepiga pasi shati moja nikaacha. Saa tisa alasiri na giza limeshaingia. Mwezi huu wote ni kuishi ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Baba Amos alikuwa amenisubiri mlangoni, simu mkononi. Kocha ameondoka. Kocha wa Amos wa ule mpira wa Kimarekani wa kubeba mikononi, kule chuoni Marekani. Jumamosi walicheza, Jumapili akatangazwa chuo kingine, kikubwa zaidi. Nimeonyeshwa picha. Amevaa kofia ya rangi mpya, meno yote nje.

Huyu ndiye niliyemkabidhi mtoto. Hapa hapa Väsby, Uswidi, sebuleni kwangu, mwaka juzi. Vyuo vitatu vilimtaka Amos na mimi ndiye niliyechagua hiki, kwa sababu ya huyu mtu. Nilimnawisha mikono. Akala chapati saba. Kisha nikauchukua mkono wa Amos nikauweka ndani ya mkono wake, mbele ya mchungaji, kama mtu anayemwoza binti. Nikamwambia huyu sasa ni wako. Akasema atamtunza kama wa kumzaa. Machozi yakamlengalenga.

Mwongo. Mzee wa Chapati. Hata kuaga hakuaga.

Jumanne, 2 Desemba

Nimeongea na Amos. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, tangu darasa la kwanza ni hivyo. Det är lugnt, mamma. Hakuna shida. Akisema hivyo mara moja, namwamini. Leo alisema mara tano.

Nikambana mpaka akasema. Jumamosi, kwenye ile mechi, aligongana kichwa kwa kichwa na mtu. Aliendelea kucheza. Mwisho wa mechi haukumbuki kabisa. Anakumbuka yuko ndani ya basi na viatu viko mkononi. Alitapika mara mbili. Hajamwambia mtu yeyote.

Kocha mpya anakuja na kila mchezaji anapimwa upya, nani abaki, nani aende. Mgonjwa ndiye wa kwanza kuachwa. Kwa hiyo Amos amenyamaza. Na ameniapisha na mimi. Nikaapa, haki ya Mungu, sitamwambia mtu, hata baba yako.

Niliapa kwa sababu alikuwa analia. Ana miaka ishirini, kilo mia moja na tano, na sijamsikia akilia tangu akiwa na miaka tisa.

Ijumaa, 5 Desemba

Silali vizuri. Nikiwa kazini naangalia saa, nahesabu kule ni saa ngapi, kama ameshaingia mazoezini.

Niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa. Nilimchagua Mzee wa Chapati kwa sababu alijiita mtu wa ulinzi. Vile vyuo vingine vilikuwa vinazungumzia mashambulizi tu, kasi, pointi. Yeye alisema Amos atakuwa mlinzi. Mimi nikaona afadhali. Mpira ninaoujua mimi, wa miguu, wa kwetu Voi, beki anakaa nyuma, anasubiri, anapiga mpira nje, anarudi nyumbani na meno yake. Nikasema ndiyo, mwanangu akae nyuma.

Kumbe ulinzi wao ndio huo wa kujirusha. Mlinzi anakimbia kwa nguvu zote kumwangusha mwenye mpira, na kichwa ndicho kinatangulia. Niliiona mechi yake ya kwanza kwenye simu nikaiweka simu kifudifudi juu ya meza. Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Kwamba nilidhani ni kama beki wa shule ya upili?

Leo nimemwandikia Mzee wa Chapati ujumbe. Nimemkumbusha alichoahidi. Nimemwomba ampigie Amos, amuulize anaendeleaje, hayo tu. Akajibu baada ya saa moja. Kwamba sheria hazimruhusu kuwasiliana na wachezaji wake wa zamani, kwamba Amos ni kijana wa pekee, kwamba anatutakia mema. Akaweka na kimkono cha maombi.

Nimeufuta. Kisha nikasikitika, nilitaka kuusoma tena nimtukane vizuri.

Jumapili, 7 Desemba

Kanisani wameombea nafasi ya Amos. Mchungaji aliwasimamisha wote, Wakenya, Warundi, Wakongo, kila mtu mkono juu. Bwana, mtoto wetu asiachwe. Mimi nikasema amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Halafu nikaomba vyangu, ndani kwa ndani. Niliomba aachwe. Apewe barua nzuri, afunge mabegi, arudi.

Mama Keza, aliyekaa karibu nami, alinitazama sana. Yeye ni Mrundi, muuguzi wa hospitali, na macho yake hayakosi kitu. Nikamwambia ni mafua.

Kocha mpya ametajwa jana. Mtu wa mashambulizi. Ameshawafukuza makocha wote wa ulinzi, wamepewa siku mbili kutoa vitu vyao ofisini. Walinzi watapunguzwa. Nimempa jina tayari: Bwana Mashambulizi. Baba Amos amefurahi ajabu. Anasema ulinzi ni kazi ya kuzuia tu, mashambulizi ndiyo yanaandikwa magazetini. Nikamwambia magazeti hayamlei mtoto. Tukagombana mpaka chakula kikapoa. Yeye hajui ninachokijua. Nilikuwa namfokea kwa sababu ya jambo ninalomficha mwenyewe.

Jumatano, 10 Desemba

Nimenyamaza. Sijui nianze wapi.

Kilikuwa kikao cha mtandaoni, kocha mpya na wazazi. Saa kumi na moja jioni kwetu, kule ni asubuhi. Baba Amos alivaa koti la suti. Mimi nilijifunga kilemba cha harusi ya dada yangu. Bwana Mashambulizi mwenyewe ni kijana, hana hata miaka arobaini, shingo nene, sauti ya muuza magari. Nyuma yake ukumbi, na vijana wamekaa safu kwa safu. Nilimtafuta Amos kwa macho. Nadhani alikuwa safu ya tatu, lakini picha ilikuwa ndogo.

Akaeleza mambo yake. Timu ikifunga pointi nyingi kuliko mwenzake, ulinzi ni wa nini? Kuna mechi moja ya mwisho Jumamosi ya tarehe ishirini, hapo ataona nani anabaki. Ila kuna wachezaji wa ulinzi watatu atakaowahamishia mashambulizi. Akataja la kwanza. Amos.

Akalitaja jina la mwanangu yule mtu, mbele ya wazazi wa Marekani nzima. Baba Amos akanishika goti. Mwili ukanisisimka. Nikacheka. Nilijiona kwenye kioo cha kompyuta nikicheka.

Kisha akauliza, kuna mzazi mwenye jambo ambalo anafikiri tunapaswa kulijua kuhusu mwanawe? La afya, la nyumbani, lolote. Akangoja. Alingoja kweli, siwezi kumsingizia.

Nilifungua maikrofoni. Nikasema, asante kocha, Mungu akubariki.

Alhamisi, 11 Desemba

Simu za pongezi tangu asubuhi. Nimezima simu.

Jumamosi, 13 Desemba

Kazini, kwenye nyumba ya wazee waliopoteza kumbukumbu, watoto wa shule walikuja kuimba nyimbo za Lucia, sikukuu ya taa ya huku, mavazi meupe, taji la mishumaa ya betri. Wazee walilia kama kawaida. Mzee Gunnar alikuwa amenishika mkono. Alicheza hoki ya barafu miaka kumi na tano, kuta za chumba chake zimejaa picha. Ana miaka sitini na mitano tu. Kijana kwa hapa. Aliniuliza basi la timu linaondoka saa ngapi. Nikamwambia baadaye kidogo. Akauliza tena kabla wimbo haujaisha.

Nilienda chooni nikajifungia. Nimefanya kazi hii miaka kumi na mmoja na leo ndiyo mara ya kwanza kujifungia.

Amos hajapiga tangu Alhamisi.

Jumapili, 14 Desemba

Nimempata. Ijumaa mazoezini amegongwa tena. Si pigo kubwa, anasema. Kama kujigonga mlangoni. Lakini anaongea taratibu, kama anayetafuta kila neno kabatini. Nilimuuliza amekula nini, akasema hakumbuki, akacheka. Kicheko hicho sikukipenda hata kidogo.

Jumatano ningefungua mdomo, Ijumaa asingekuwa uwanjani. Hesabu hiyo haina ugumu wowote. Nimeirudia siku nzima.

Baada ya ibada nilimwambia Mama Keza nje, kwenye baridi. Kila kitu. Sikumuuliza nifanye nini, nililia tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema:

"Dada, umeshajua. Kiapo unaweza kuomba msamaha. Ubongo hauombewi msamaha."

Akanifunga skafu shingoni kama mtoto, akaenda kushika treni.

Jumatatu, 15 Desemba

Nilimwambia Baba Amos kwanza, kabla hajaondoka kwenda kazini, ndani ya gari lililowashwa. Hakupiga kelele. Alizima gari. Akaniuliza tangu lini. Nikasema wiki mbili. Akashuka, akaenda kwa miguu mpaka kituoni, gari akaniachia mimi nisiyejua kuendesha.

Nikapanda juu, nikaandika barua pepe kwa daktari wa timu. Mistari minane ya Kiingereza. Tarehe ya pigo la kwanza, kutapika, kusahau. Tarehe ya pigo la pili. Kwamba aliniapisha, na kwamba kosa la kunyamaza ni langu. Nikaisoma mara tatu. Nikaituma saa nne na dakika kumi asubuhi, bado nimevaa koti.

Jumanne, 16 Desemba

Daktari amejibu. Amemtoa Amos mazoezini mara moja. Leo wanampima.

Amos ametoka kwenye kundi letu la familia la simu. Nikimpigia, inakata. Hakuniandikia neno. Baba Amos anasema nimefanya vizuri, ila anasema akitazama dirishani. Uchungu wake anautoa kwenye theluji, ameizoa kwa koleo njia nzima hadi kwa jirani ambaye hatusalimii.

Sina raha. Nilifikiri nikishasema nitapumua. Wapi.

Alhamisi, 18 Desemba

Daktari amepiga mwenyewe. Mwanamke, sauti ya upole. Ubongo umetikisika mara mbili ndani ya siku kumi na tatu, na huenda kuna mara nyingine kabla ya hizo ambayo Amos hataki kuieleza. Hatacheza Jumamosi. Hatacheza msimu ujao. Amesema angemzaa yeye, asingecheza tena maisha yake yote. Nikamshukuru. Nikamuuliza anakula? Akasema anakula kidogo.

Nafasi yake imeshapewa mwingine. Bwana Mashambulizi ametuma barua fupi, ya heshima, amelikosea jina letu la ukoo. Masomo anaweza kumaliza muhula ujao, baada ya hapo tutaona. Tiketi ya Krismasi imesogezwa. Anafika Jumatatu.

Jumamosi, 20 Desemba

Baba Amos aliitazama ile mechi peke yake sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni nakanda maandazi ambayo hakuna aliyeyaomba. Wamefunga pointi arobaini na moja na wameshindwa. Akaja akasimama mlangoni. Akasema, walikosa wa kuzuia. Kisha akanishika bega, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Jumatatu, 22 Desemba

Tumempokea uwanja wa ndege wa Arlanda. Kofia hadi kwenye nyusi. Alimkumbatia baba yake. Mimi alinipa begi dogo nimshikie. Njia nzima alilala, au alijifanya. Nilikaa kiti cha nyuma nikitazama kisogo chake.

Amekula vijiko vitatu. Amesema tack, asante. Akafunga mlango wa chumba.

Jumanne, 23 Desemba

Sina zamu leo. Saa tatu asubuhi Amos alikuja jikoni, akaketi. Aliomba nizime taa, mwanga unamuumiza. Nikazima. Tukakaa na ule weupe kidogo unaotoka kwenye theluji ya nje. Nilimmiminia chai. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa na majibu yangu yote, nimeyapanga tangu juma lililopita.

Akaongea Kiswahili. Kibovu kibovu, polepole, anatafuta maneno. Akasema siku ile ya kikao alikuwa safu ya tatu. Kulikuwa na skrini kubwa ukutani na nyuso za wazazi wote. Alikuwa ananitazama mimi tu.

"Uliwasha maikrofoni," akasema. "Nikasema, asante Mungu, sasa mama atawaambia."

Nikasema, lakini mwanangu, uliniapisha.

"Najua," akasema. "Lakini mbona hukusema?"

Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiuliza kweli, kama mtoto, na alingoja nijibu. Nilifungua mdomo, nikaufunga.

Baadaye akasema chai imepoa. Nikamchemshia nyingine.