Korosho tatu

Jumapili, baada ya Isha

Zuhura amelala, na mie kila mara nainama kusikiliza kama anapumua.

Mama mkwe alifika jana kutoka Mtwara na korosho alizokaanga mwenyewe. Leo mchana mwanangu akala tatu tu. Akaanza kujikuna, midomo ikavimba, kisha sauti ikakauka. Nikadhani ni sumu, nikamnywesha maziwa. Akatapika, nikamnywesha tena! Jirani ndiye aliyepiga kelele, "Mama Zuhura, mtoto hapumui vizuri, twende!"

Kwenye bajaji alikuwa ananitazama tu, kifua kinapiga filimbi. Nami nilimshika tu. Sikujua kingine.

Zahanati wakamchoma sindano ya adrenalini pajani. Baada ya muda akaanza kulia. Sijawahi kufurahia kilio hivyo.

Daktari kasema ni mzio mkali. Korosho asiguse tena, maziwa hayasaidii, na ikitokea tena nisingoje hata dakika moja. Nikamuuliza kama naweza kukaa na sindano ile nyumbani.

"Zipo za kujichoma, mama, ila hapa kwetu kuzipata ni kazi."

Sasa akiwa shuleni je? Akipewa kashata ya korosho na mwenzake, mie niko kazini...

Mama mkwe hajala. "Nusura nimuue mjukuu wangu," kaniambia. Nilitaka kumjibu kwamba hakujua, hata mie sikujua. Maneno hayakutoka. Akainuka taratibu akaingia chumbani, na najua kimya changu amekielewa vibaya.