Mfereji Uliouchora Kabla ya Zege

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Februari ambayo hukuamka. Iwakiri Toshimitsu, tarishi mstaafu wa Nakazuru, mume wa Fusae. Maneno haya ni yako, lakini majirani nao watayasoma, na tunataka wayasome.

Miaka thelathini na moja ulipeleka barua za kitongoji hiki kwa pikipiki nyekundu. Mama mzazi wa Kuroki, mwenyekiti wa kitongoji, alipoacha kuona vizuri, ulikuwa unazima pikipiki, unaingia, unamsomea barua za bintiye aliyeko Osaka, ukirudia pale alipotaka kucheka tena. Hakuna aliyekutuma.

Ulipostaafu ulinunua boksi la chaki laini za rangi. Hukuchora milima wala bahari. Ulichora mfereji ulio nyuma ya mashamba ya mpunga: nyasi za ukingoni, ukungu, maua mekundu ya Septemba, maji ya kahawia baada ya mvua. Rangi uliisambaza kwa kidole gumba, ukapuliza vumbi, na Mama akagomba kwa alama za kijani kwenye bakuli la wali.

"Mfereji huohuo kila siku. Huchoki?"

"Jana haukuwa hivi," ulimjibu.

Kisha kamati ya kitongoji ikaamua mfereji ujengwe kwa zege, kingo na sakafu, ili watu wasihangaike tena kufyeka nyasi na kuzoa tope. Kila nyumba ilitakiwa igonge muhuri wake kwenye karatasi ya kukubali. Tuko nyumba kumi na nane. Kumi na saba ziligonga. Mwenyekiti, Kuroki Masanobu, alikuja mwenyewe, akakaa mlangoni bila kuvua koti.

"Mzee Iwakiri, unatukwamisha wote kwa ajili ya magugu."

"Vimulimuli wanazaliana kwenye hayo magugu. Njoo kesho nikuonyeshe."

"Mimi mgongo unaniuma, sina muda wa vimulimuli. Wewe siku hizi kazi yako kuchezea chaki kama mtoto wa chekechea."

"Basi nitafyeka mimi. Sehemu yako na ya kila mtu."

"Kwa umri huo? Tutakuja kukuokota humo mferejini."

Ulifyeka kweli, kiangazi kizima, na hakuna aliyekuja hata kukupokea mundu. Ubao wa matangazo unaopitishwa nyumba kwa nyumba ukaanza kuiruka yetu. Wanawake waliopika na Mama kwenye sherehe za mavuno kwa miaka ishirini walimwambia mwaka huu mikono inatosha. Mama Hidaka wa nyumba ya pili alikuwa akimwona Mama, anavuka barabara ili wasikutane. Mwishowe Mama akaacha kutoka. Siku moja nilimkuta jikoni anakata figili za kutia chumvi, nyingi kuliko tunazoweza kula, machozi yanamtoka na kisu hakisimami.

Sasa nitasema jambo ambalo sikulisema vizuri ukiwa hai. Muhuri wa nyumba niligonga mimi, binti yako Chizuru. Niliutoa kwenye droo ukiwa mferejini, nikampelekea Kuroki karatasi yake. Wiki ile nilikuchukia, Baba. Niliona unathamini nyasi kuliko mkeo.

Ulipojua hukufoka. Uliniuliza tu, "Mashine zinakuja lini?"

Nikakwambia, baada ya siku kumi na moja.

Ukabeba boksi lako. Siku zote kumi na moja ulikuwa kule toka kunapambazuka hadi mwanga unaisha. Siku za mvua ulifunga mwavuli kwenye kigingi. Ulichora mfereji kipande kwa kipande, kuanzia daraja la juu mpaka lango la maji, karatasi arobaini na mbili. Hukunisemesha mpaka zege lilipokauka, na hata baada ya hapo ulinipa maneno ya kuhesabika. Miezi miwili baadaye ukafa. Ulikuwa mkaidi, na ulijua kumuumiza mtu kwa kunyamaza. Hilo nalo tunalikumbuka.

Kitongoji kilichosomewa barua zake kilileta watu saba kwenye mazishi yako. Kuroki alituma mtu.

Juni ikaja, ikapita. Hatukuona kimulimuli hata mmoja. Mwezi uliopita Kuroki akabisha hodi, safari hii koti alivua.

"Tunaomba zile picha tuzitundike kwenye ukumbi wa kitongoji," alisema. "Sote tunamkumbuka mzee wetu."

"Mzee wenu?" nikamuuliza. "Toka lini?"

"Usinitolee macho, Chizuru. Ile karatasi uliniletea kwa mkono wako."

Alisema kweli. Aliyejibu ni Mama.

"Zichukue. Lakini pembeni yake utabandika ile karatasi ya mihuri, yote kumi na nane. Wetu ndio utangulie."

"Mama Iwakiri, hapo tutakuwa tunaaibishana."

"Ndiyo," Mama alisema.

Kuroki alivaa viatu, akaenda. Hajarudi.

Kwa hiyo Jumapili hii, mtawa akimaliza kukusomea sala za mwaka mmoja, tutazitundika picha zote arobaini na mbili ghalani kwetu, kwa mpangilio, toka darajani hadi langoni, milango ikiwa wazi upande wa barabara. Nakala yetu ya karatasi ya mihuri itakuwa ukutani, na wetu tumeuzungushia wino mwekundu. Mnaosoma hapa nyumba mnaijua. Njooni mwone tulichokifukia. Msiguse kitu, rangi zile ni vumbi, zinatoka na kidole. Chai haitakuwepo.

Wanaokukumbuka ni mkeo Fusae, aliyeitunza kila karatasi hata siku alizogomba. Mwanao Yasuhiro na mkewe Kanae. Mjukuu wako Sayo, aliyezaliwa Agosti na hatamwona kimulimuli hapa. Na mimi Chizuru, ninayekuomba radhi mbele ya watu wote.

Hatutakusahau, Baba, na hapa Nakazuru hatutamwacha mtu akusahau.